"Uungwana ni Vitendo": Uchakavu wa Msemo na Safari ya Maana katika Mwambao wa Ujiji

Ikisiri

Misemo inayorudiwa mno huhukumiwa katika vitabu vya utunzi na madarasa ya uhariri kuwa imechakaa na kuishiwa maana. Makala haya yanaihakiki hukumu hiyo kwa kuuchunguza msemo mmoja, "uungwana ni vitendo", pamoja na maneno yaliyosafiri na neno muungwana katika njia ya misafara iliyoishia Ujiji: mshenzi, mjinga na Mmanyema. Inajengwa hoja kwamba kuzoeleka kwa msemo huu ni alama ya dai lililoshinda. Kuna wakati ambapo kusema kwamba uungwana ni vitendo kulikuwa kukana kwamba uungwana ni nasaba, na katika mwambao wa Ziwa Tanganyika wapo watu ambao maisha yao yalitegemea ukanusho huo. Makala yanaonesha pia kuwa msemo uliosahau ubishi wake hutumiwa leo kwa kazi iliyo kinyume cha ile ya awali.

1.0 Utangulizi

Katika soko la Mwanga, katikati ya bandari ya Kigoma na mji mkongwe wa Ujiji, neno waungwana husikika kutwa. Kondakta huwaomba waungwana wasogee, mnadi bidhaa huwaita waungwana wakaribie, na mwenye kutangaza msiba huanza kwa "ndugu waungwana". Hakuna anayeitwa hivyo akajiona amepewa cheo, wala asiyeitwa hivyo akajiona amevuliwa. Neno limekuwa pana kiasi cha kumwenea kila aliye mbele ya msemaji. Sambamba nalo umeenea msemo "uungwana ni vitendo", ambao huandikwa kwenye vyombo vya usafiri, hutolewa kama nasaha harusini na hufunga hotuba ambazo hazikupata pa kuishia.

Mhariri makini akikutana na msemo huo katika muswada huupitishia kalamu nyekundu. Ana sababu zake: msomaji ameshausikia mara nyingi, haumwongezei taarifa, na aghalabu unamwondolea mwandishi jukumu la kueleza ni kitendo gani hasa anachokisifu. Lakini hukumu ya mhariri inahusu matumizi ya msemo katika matini moja. Mwanaisimu anayeichukua hukumu hiyo na kuigeuza kuwa nadharia, akasema kwamba msemo umekufa na maana imetoka, huwa amefanya kosa la aina nyingine. Maana haitoki katika neno kama maji yatokavyo katika mtungi uliopasuka. Huhama, na mahali ilikohamia na walioihamisha ni maswali yanayoweza kujibiwa.

2.0 Dhana ya uchakavu na mipaka yake

Lawama dhidi ya misemo iliyotumika sana ina historia ndefu katika uhakiki wa dunia. Katika insha yake ya 1946 kuhusu siasa na lugha ya Kiingereza, George Orwell alitenga sitiari katika makundi matatu: sitiari mpya zinazomfanya msomaji aone picha, sitiari zilizokwisha kuwa maneno ya kawaida na ambazo hazimdhuru mtu, na baina ya hizo, sitiari zilizochoka ambazo hutumiwa kwa sababu tu zinamwepusha mwandishi na kazi ya kufikiri. Mgawanyo huo umekuwa na athari kubwa katika ufundishaji wa uandishi, Afrika Mashariki ikiwamo. Manufaa yake hayakanushiki. Hata hivyo, kipimo chake ni picha: msemo ulio hai ni ule unaoonesha kitu. Kipimo hicho kinaihusu sitiari, na "uungwana ni vitendo" si sitiari. Ni kauli ya ubainishi, yenye kiima, kitenzi kishirikishi na kijalizo, na inachobainisha ni mpaka wa neno. Kwa hiyo hauwezi kupimwa kwa picha.

Tofauti hiyo inadhihirika zaidi msemo huu ukilinganishwa na msemo mwingine maarufu wa Kigoma, "mwisho wa reli". Ulianza kama taarifa tupu. Mwaka 1914 Reli ya Kati ilifika Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, ikakoma kwenye maji ya ziwa. Taarifa ikawa jina la mji, na jina likawa tathmini. Kwa mtumishi wa umma aliyepangiwa kazi huko, "mwisho wa reli" huweza kumaanisha kutupwa mbali. Kwa mwenyeji, ni fahari iliyochanganyika na mzaha. Na katika mazungumzo yasiyohusu Kigoma kabisa, mtu aliyeishiwa njia husema amefika mwisho wa reli. Maana zimeongezeka, lakini ile ya kwanza bado iko mahali pake. Yeyote aendaye stesheni ya Kigoma anaweza kuiona reli na mwisho wake. Hata siku ambayo reli mpya ya kisasa, ambayo mkataba wa kipande chake cha Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini Desemba 2022, itakapopata tawi la kutoka Uvinza kuelekea Burundi, msemo utaweza kuhojiwa kwa kulinganishwa na ramani.

Muungwana hana stesheni. Kitu ambacho neno hili lilikitaja hapo kale, yaani mtu asiyemilikiwa katika jamii ambayo wengine walimilikiwa, kimeondoka kisheria tangu 1922, utawala wa Kiingereza ulipofuta hadhi ya utumwa Tanganyika. Msemo umebaki bila kielekezwa kinachoweza kuuhoji. Hapo ndipo historia ya neno inapohitajika, kwa kuwa jicho peke yake halitoshi.

3.0 Maneno ya hadhi katika njia ya msafara

Katika miji ya pwani ya karne ya 19, mwungwana (kwa tahajia ya wakati ule) alikuwa kwanza kabisa mtu huru na mzawa wa watu huru. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 bado inaanza na fahiwa hiyo ya mtu asiye mtumwa kabla ya kufika kwenye fahiwa za elimu na ustaarabu. Desturi za Wasuaheli, matini ya Mtoro bin Mwinyi Bakari iliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, inaeleza jamii ambamo mipaka ya hadhi ilihifadhiwa kwa mavazi, namna ya kuketi, namna ya kuamkiana na nani aliruhusiwa kumwoa nani. Katika mfumo kama huo uungwana haukuwa jambo ambalo mtu alilitenda. Lilikuwa jambo ambalo mtu alikuwa nalo, na vitendo vilikuwa ushahidi wake tu.

Neno hilo halikusimama peke yake. Lilikuwa ncha moja ya uwanja wa kisemantiki uliokuwa na ncha ya pili katika neno mshenzi. Katika wasifu wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, washenzi ndilo neno la kila siku la kuwataja watu wa bara ambao msafara unawakuta njiani. Msimulizi hulitumia bila ghadhabu, kama mtu atajaye aina ya mti. Kwake mshenzi ni mtu wa huko, asiye wa pwani na asiye Mwislamu. Msomaji wa leo hushtuka kwa sababu kwake neno hilo ni tusi la mwenendo. Anapolisoma kwa maana ya leo hudhani kwamba Tippu Tip anatukana kila baada ya aya, na hapo hukosa kuona jambo zito zaidi: kwamba dharau ilikuwa imeshajengwa ndani ya mpangilio wa kuwataja watu, na kwa hiyo haikuhitaji sauti ya kutukana.

Baina ya ncha hizo mbili yalikuwapo maneno ya kupima umbali wa mtu aliyemilikiwa na jamii iliyommiliki. Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha 1995 kuhusu miji ya mrima, anaonesha tofauti iliyokuwapo kati ya mzalia, yaani mtumwa aliyezaliwa pwani na kulelewa katika lugha na dini ya huko, na mjinga, yaani mtumwa aliyeletwa karibuni asiyejua desturi. Ujinga, katika matumizi hayo, ulikuwa hali ya ugeni wa kulazimishwa. Leo mjinga ni mtu asiye na akili au maarifa, na mwalimu anayemwita mwanafunzi hivyo hajui kwamba analitumia neno ambalo liliwahi kumtaja mtu aliyeshushwa mzigo jana. Mzalia naye amepona kabisa: kwa wengi ni mtu aliyezaliwa mahali, basi.

Mwelekeo wa mabadiliko haya unafanana. Muungwana, mshenzi na mjinga yalikuwa maneno ya hadhi, yakijibu swali "huyu ni nani katika mpangilio wa jamii?" Yote yamekuwa maneno ya mwenendo au akili, yakijibu swali "huyu yukoje?" C. S. Lewis, katika Studies in Words (1960), alilieleza badiliko la namna hii kwa kuzitazama lugha za Ulaya: maneno yaliyotaja tabaka huelekea kuwa maneno ya maadili, ya juu yakiwa sifa na ya chini yakiwa lawama. Kwa maelezo yake, tabaka la juu hutarajiwa kuwa na mwenendo unaolingana na nafasi yake, na taratibu matarajio hayo huchukua nafasi ya tabaka lenyewe. Maelezo hayo yanafaa kwa sehemu. Lakini yanaliacha badiliko litokee juu, miongoni mwa wenye hadhi, kana kwamba walio chini walisubiri neno liwashukie. Ujiji inatoa ushahidi tofauti.

4.0 Ujiji: neno lililodaiwa kutoka chini

Richard Burton na John Hanning Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 waliwakuta wafanyabiashara wa pwani wameshatangulia. Katika miongo iliyofuata mji huo ukawa kituo kikuu cha misafara upande wa mashariki wa ziwa: pembe za ndovu na mateka kutoka Manyema walivushwa kwa mitumbwi, nguo na shanga zikaelekea magharibi. Dunia inaikumbuka Ujiji kwa sababu ya salamu moja ambayo Henry Morton Stanley alisimulia kwamba alimpa David Livingstone mwaka 1871, salamu iliyorudiwa hadi ikawa kichekesho. Wakati wageni hao wawili wakiamkiana kwa adabu za tabaka lao, waliokuwa wamewazunguka walikuwa na mjadala wao kuhusu nani anastahili kuitwa mtu wa heshima, na mjadala huo ulifanyika kwa Kiswahili.

Watu wa misafara, wapagazi, walinzi wenye bunduki, mabaharia wa ziwani na wafuasi wa wafanyabiashara, walijiita waungwana. Wengi wao, kwa kipimo cha Bagamoyo au Unguja, hawakustahili jina hilo. Walikuwa watumwa au watoto wa watumwa, na wengine walikuwa wamechukuliwa utotoni kutoka ng'ambo ya ziwa. Philip Gooding, katika uchunguzi wake wa 2019 kuhusu utumwa na heshima katika mwambao wa Tanganyika, anaonesha kwamba watu waliofungwa na mahusiano ya utumwa waliudai uungwana kwa kuvaa nguo za pwani, kuufuata Uislamu, kubeba silaha na kujitenga na wenyeji waliowaita washenzi. Stephen Rockel (2006) naye amewaeleza wapagazi kama watu waliojenga utamaduni wao wa njiani, wenye fahari na kanuni zake, badala ya kuwa migongo ya kubebea mali ya wengine.

Kiisimu, kilichotokea hapo ni kwamba kigezo cha neno kilibadilishwa na watumiaji ambao kigezo cha zamani kiliwafungia nje. Kwa kipimo cha nasaba, mpagazi aliyezaliwa Manyema hakuwa na hoja. Kwa kipimo cha mwenendo, alikuwa nayo: anaswali, anavaa kanzu, anakisema Kiswahili, analijua soko, hakimbii vitani. Umbali uliokuwapo kati ya Ujiji na pwani ulimsaidia. Aliyeweza kusema "namjua babu yako" alikuwa mwendo wa miezi kadhaa kwa miguu.

Sasa umbo la msemo "uungwana ni vitendo" linaweza kusomwa upya. Kauli ya ubainishi ya aina ya "X ni Y" haina haja ya kutamkwa pale ambapo hakuna anayedhani kwamba X ni kitu kingine. Hakuna jamii yenye methali ya kusema kwamba maji ni majimaji. Kauli hii inabeba ukanusho usiotamkwa: si nasaba, si rangi, si mji uliozaliwa. Ipo pia namna ya pili ya kuisoma, ambayo Lewis angeipendelea: mzee wa ukoo anamkanya kijana wake kwamba kuzaliwa muungwana hakutoshi, sharti atende. Tafsiri zote mbili zinakubaliwa na sarufi ya msemo, na bila shaka zote ziliwahi kuwa na wenyewe. Lakini uzito wake si mmoja. Kwa mzee, vitendo vinaongezwa juu ya nasaba. Kwa mpagazi, vitendo vinachukua nafasi ya nasaba. Msemo uliweza kuenea kwa sababu kila mmoja aliusikia kwa sikio lake, na tafsiri iliyobaki leo katika soko la Mwanga ni ile ya mpagazi.

5.0 Neno moja, ng'ambo mbili

Uzito wa hoja hii unaonekana zaidi neno linapofuatwa hadi upande wa magharibi wa ziwa. Waungwana wa misafara walivuka, wakakaa, wakaoa, wakasilimisha. Huko neno likapoteza irabu yake ya awali na kuvaa kiambishi cha lugha za huko: bangwana. Kiswahili chao kikaitwa Kingwana, jina ambalo mwanzoni mwa karne ya 20 lilitumiwa hata katika vitabu vya sarufi vya wamishenari na watawala wa Kibelgiji. Katika Maniema, bangwana wakawa kundi: Waafrika wenye desturi za pwani, Waislamu, wenye mitaa yao na historia yao.

Chimbuko lao ni dai lile lile, lakini matokeo yamekuwa mawili. Upande wa mashariki neno lilipanuka hadi likamwenea kila mtu mwenye adabu. Upande wa magharibi lilifinyaa likawa jina la jamii na la lugha. Tofauti hiyo haitokani na neno, kwa kuwa neno ni moja. Inatokana na mazingira. Ng'ambo ya magharibi, wenye desturi za pwani walibaki wachache miongoni mwa watu wenye lugha na dini nyingine, na utawala wa kikoloni uliwatazama kwa mashaka. Wachache huhitaji jina la kujitambulisha. Ng'ambo ya mashariki, Kiswahili kilikuwa lugha ya utawala, ya shule na hatimaye ya taifa. Jina la kundi halikuwa na kundi la kulitenga. Tangu kambi ya Nyarugusu ilipoanzishwa wilayani Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, historia hizo mbili za neno zimekuwa zikiishi katika mkoa mmoja.

Ujiji yenyewe ina mfano wa tatu, nao unatoa kigezo cha kulinganisha. Mmanyema lilikuwa jina la mtu wa nchi iliyotekwa. Kwa mfanyabiashara wa 1870, Manyema ilikuwa mahali pa kupata pembe na mateka, na jina hilo halikumletea heshima aliyelibeba. Lakini wazao wa watu hao katika Ujiji, Tabora, Bujumbura na Dar es Salaam walilichukua na kulifanya jina la fahari. Mmanyema akawa mtu wa mjini, Mwislamu, mjuzi wa mavazi na ngoma. Sheryl McCurdy (2006) ameonesha jinsi wanawake wa jamii hiyo walivyoshiriki kuijenga taswira hiyo. Hapa hakuna aliyehitaji kuthibitisha kwamba yeye ni muungwana. Jina lenyewe la utekwaji lilipandishwa hadhi. Ni njia nyingine ya kulishinda neno: badala ya kuingia katika jina la bwana, watu waliligeuza jina la mateka.

6.0 Sarufi ya badiliko

Kwa nini muungwana na mshenzi yamekuwa maneno ya mwenendo, ilhali Mmanyema limebaki jina la watu? Sehemu ya jibu imo katika mofolojia. Kiswahili kina njia tatu za kulitumia shina la namna hii. Kwa m-/wa- hutaja mtu. Kwa u- hutaja hali au sifa. Kwa ki- hutaja namna. Muungwana, uungwana, kiungwana. Mshenzi, ushenzi, kishenzi. Mjinga, ujinga, kijinga. Mara shina linapoingia katika u- na ki-, sifa hujitenga na mtu. Mtu aliye huru kwa nasaba sasa anaweza kulaumiwa kwa kutenda jambo lisilo la kiungwana, na mtu wa bara anaweza kusifiwa kwa uungwana wake. Ngeli za u- na ki- ndizo mlango ambao hadhi hupitia na kuwa mwenendo.

Mmanyema ana Kimanyema, lakini ki- hiyo imeshikwa na lugha na desturi za watu. Umanyema kama sifa ya kimaadili haujapata mizizi. Jina limebaki upande wa utambulisho. Mswahili anatoa kisa cha kuvutia zaidi. Ki- yake imeshikwa kwa nguvu na lugha, ila u- iko wazi, na ndiyo iliyoingiwa na lawama: uswahili kwa maana ya maneno mengi na ahadi zisizotimizwa, na uswahilini kwa maana ya mitaa ya wasio na uwezo. Jina la wenye lugha likawa lawama katika lugha yao wenyewe. Bréal, katika kitabu chake cha semantiki cha 1897, alikataa wazo kwamba maneno yana tabia ya asili ya kuharibika. Alisisitiza kwamba kinachoonekana kuwa kuporomoka kwa maana ni kazi ya nia za wasemaji. Uswahilini unamuunga mkono. Hakuna kitu katika fonimu za neno hilo kilicholielekeza kwenye umaskini. Ni mipango ya miji iliyofanya hivyo, na lugha ikasajili.

Kwa mantiki hiyo, usemi kwamba neno limechakaa kwa kutumika sana unahitaji kurekebishwa. Wingi wa matumizi ni hali, na si sababu. Muungwana limetumika sana kwa sababu lilifunguliwa kwa watu wengi, na lilifunguliwa kwa sababu waliokuwa nje walibisha hodi.

7.0 Msemo uliosahau ubishi wake

Lingekuwa kosa, hata hivyo, kuimaliza hoja hapo kana kwamba ushindi hauna gharama. Dai lililoshinda kabisa hupoteza mpinzani, na kauli iliyopoteza mpinzani huweza kuajiriwa na yeyote. Inafaa kuangalia muungwana anaitwa afanye nini katika Kiswahili cha leo. Watangazaji wa soka husifu mchezo wa kiungwana, nao hapo wana kanuni wanayoitaja. Lakini husemwa pia kwamba kukubali kushindwa ni uungwana, na kauli hiyo hutoka mara nyingi zaidi kinywani mwa aliyeshinda. Mfanyakazi anayedai malipo yaliyochelewa huambiwa alidai kiungwana. Mwenye ardhi iliyopimwa bila yeye kuulizwa huombwa awe muungwana, asubiri. Makubaliano yasiyoandikwa huitwa ya kiungwana, na anayehitaji maandishi ni yule ambaye hana nguvu ya kuyatekeleza bila maandishi.

Katika matumizi hayo yote, uungwana umekuwa jina la ukimya. Mpagazi wa Ujiji aliudai uungwana ili asikike. Raia wa leo huombwa uungwana ili anyamaze. Muundo wa msemo ni ule ule, "uungwana ni vitendo", ila kitendo kinachotarajiwa kimebadilika kuwa kutotenda. Badiliko hilo haliwezi kuonekana na mhariri anayeufuta msemo kwa sababu ya uzee wake, wala na mhubiri anayeurudia kwa sababu ya hekima yake. Wote wawili wanauchukulia kuwa hauna wakati.

Mwendo wa neno mheshimiwa unalikamilisha somo hili kwa kwenda upande wa pili. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, ndugu ndiyo iliyokuwa anwani rasmi ya kiongozi na ya asiye kiongozi. Mheshimiwa, ambalo kimofolojia ni tendewa ya kuheshimu na kwa hiyo linategemea kitendo cha wengine, limerudi na kukaa kama cheo. Anayeitwa hivyo haitwi kwa sababu watu wamemheshimu. Watu hutakiwa kumheshimu kwa sababu anaitwa hivyo. Muungwana lilitoka kwenye hadhi likaenda kwenye mwenendo. Mheshimiwa limetoka kwenye mwenendo likaenda kwenye hadhi. Jamii moja, katika karne moja, imelishusha neno moja hadi sokoni na kulipandisha jingine hadi kwenye kiti. Anayedai kwamba maneno huchakaa tu atashindwa kueleza kwa nini mojawapo linapata bei kadiri linavyotumika.

8.0 Hitimisho

Uchambuzi huu una matokeo mawili kwa taaluma. La kwanza linahusu leksikografia. Kamusi zetu za lugha moja hupanga fahiwa kwa namba bila kuzipa wakati. Msomaji wa muungwana, mjinga au mshenzi huzikuta maana za vipindi tofauti zimeketi pamoja kana kwamba zilizaliwa siku moja. Kidahizo cha maneno ya aina hii kinahitaji alama ya kipindi na, panapowezekana, alama ya mahali, ili mwanafunzi anayesoma wasifu wa Tippu Tip au matini ya Mtoro bin Mwinyi Bakari asilazimike kukisia. Matini za karne ya 19 zinapatikana. Kazi iliyobaki ni ya kuzipitisha katika kamusi.

La pili linahusu uhakiki. Swali la kuuliza mbele ya msemo uliozoeleka si kama bado una nguvu ya kushangaza. Ni swali la aina hii: msemo huu ulikuwa ukimjibu nani, na je, aliyejibiwa bado yupo? Kwa "uungwana ni vitendo" jibu la sehemu ya kwanza linapatikana katika barabara ya vumbi iliyowaleta Ujiji watu waliohesabiwa kuwa mali, wakafika wakiwa na jina la waungwana midomoni mwao. Sehemu ya pili haijafungwa. Alimradi kuna anayeambiwa anyamaze kwa jina la uungwana, aliyejibiwa bado yupo, na msemo una kazi ya kufanya.

Kuufuta kunaweza kuwa sahihi katika muswada fulani. Katika darasa la isimu, unastahili saa nzima.